Saa za Kutembea Tabora

Kila Septemba ikiingia, wazee wetu hapa Tabora huambiwa neno moja na watoto wao, na majirani, na wakati mwingine hata na watu wa afya: jua limekuwa kali, wewe kaa ndani upumzike. Linasemwa kwa upendo. Mimi nalikataa, kwa sababu nimewaona wazee walioingia ndani Septemba wakiwa wanakwenda sokoni kwa miguu yao, mvua za Novemba zikawakuta wanashika kuta kwenda chooni.

Msuli wa mtu wa miaka sabini haumngoji. Usipotumika kwa wiki chache unapungua, na kuurudisha ni kazi ndefu kuliko kuupoteza. Magoti yanakakamaa. Usingizi wa usiku unaharibika kwa sababu mchana mzima mtu amesinzia. Kwa wenye kisukari, sukari inapanda, maana msuli unaofanya kazi ndio mlaji wake mkubwa. Halafu tujiulize, hiyo ndani yenyewe ikoje? Nyumba nyingi za Isevya, Ng'ambo na Kiloleni zimeezekwa bati bila dari, madirisha ni madogo, na ikifika saa tisa alasiri chumba kina joto kuliko kivuli cha mwembe ulio uani. Kumfungia mzee humo hakumkingi na joto hata kidogo.

Ninachokitetea ni kwamba mazoezi mepesi yaendelee msimu wote wa jua, ila yapangwe upya: saa zake, mwendo wake, na namna watu wanavyoangaliana. Natembea na kikundi kidogo cha majirani. Yumo shangazi yangu mwenye presha, yumo mzee mmoja mstaafu wa reli, wamo mama wawili wenye kisukari, na kijana mmoja mwenye ualbino ambaye ndiye mwepesi kuliko sote. Haya ninayoandika yametoka kwao, kwa wahudumu wa kliniki wanakohudhuria, na kwa kusoma kwangu.

Nianze na joto lenyewe, maana joto la Tabora si la Dar es Salaam wala la Kigoma. Mji wetu uko kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, mbali na ziwa lolote kubwa. Mvua hukatika Mei, na kuanzia hapo hadi Oktoba karibu hakuna tone. Nyasi zinakauka, miombo inapukutisha majani, hewa inakuwa kavu hadi midomo inapasuka. Mchana wa Oktoba kipimajoto hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, na siku kali hupita hapo. Tukumbuke kwamba joto linalotangazwa redioni hupimwa kivulini. Anayesimama juani anapokea zaidi: linamshukia kutoka juu, linapanda kutoka kwenye lami, linamrudia kutoka kwenye bati la jirani.

Ukitaka kuona mwili unavyopambana na hali hiyo, tazama mtungi ulio pembeni ya mlango. Maji yanapenya kwenye udongo wake, yanafika nje, yanakauka, na kule kukauka kunaondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana maji ya mtungi huwa baridi zaidi Septemba kuliko Januari. Hewa kavu inaukausha ule unyevu upesi. Ngozi yetu hufanya hivyohivyo kwa jasho. Tunapotembea, sehemu kubwa ya nguvu inayotumiwa na misuli, kama robo tatu hivi, haigeuki kuwa mwendo. Inageuka kuwa joto, na joto hilo lazima litoke. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa takriban kilokalori 580, ambazo ni nyingi kuliko anazozalisha mtu kwa saa nzima ya kutembea kwa miguu. Kwa hiyo mwili umejaliwa chombo cha kujipoza chenye uwezo mkubwa. Ila mtungi ukiishiwa maji, haupozi tena.

Na hapa ndipo hatari ya Tabora ilipojificha. Dada yangu anaishi Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, chini yetu kwa mita mia nne na zaidi. Kule hewa ina unyevunyevu. Akipanda kilima cha Mwanga nguo zinalowa, jasho linamdondoka kidevuni, na kila tone linaloanguka chini linakwenda bila kupoza chochote. Anateseka, lakini anajua kwamba amepoteza maji, kwa sababu ameyaona. Sisi hatuyaoni. Unatembea kutoka Cheyo hadi stesheni, unajipangusa uso, mkono unatoka mkavu, unasema leo sikutoka jasho. Umetoka. Limekauka kabla hujaliona, limeacha chumvi kwenye kola ya shati. Mtu wa Tabora anaweza kupungukiwa maji huku akijiona mkavu na salama.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni saa, nami nalikazia hili kuliko mengine yote, kwa sababu ukipatia saa nusu ya kazi imekwisha.

Tabora iko kama nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Maana yake ni kwamba siku za kwanza za Oktoba jua la mchana linapita juu ya utosi wetu kabisa, nguzo inakosa kivuli. Na liko jambo ambalo watu hawalitilii maanani. Saa ya ukutani ni moja kwa Tanzania yote, lakini jua halifuati saa ya ukutani. Mwanzoni mwa Oktoba, Dar es Salaam jua husimama utosini karibu saa 6:10 mchana. Hapa kwetu ni karibu saa 6:40. Kigoma ni karibu saa 6:50. Sisi wa magharibi tunachelewa kuamkiwa na jua na tunachelewa kuagana nalo. Basi ushauri unaotolewa na mtu wa pwani, kwamba ikifika saa kumi na nusu jioni unaweza kutoka, huku kwetu humtoa mtu kwenye joto ambalo bado liko kileleni, maana hewa hufikia ukali wake kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, na ardhi huendelea kutema joto ililolimeza hata baada ya hapo.

Ila kuchelewa huko kunatupa zawadi asubuhi. Jua huchomoza kama saa 12 na nusu, lakini mwanga wa kuona njia unakuwapo robo saa na zaidi kabla yake. Ardhi imepoa usiku kucha. Ule muda wa kucha ndio wa baridi kuliko wote wa siku nzima. Kikundi chetu hukutana waliotoka msikitini kwa swala ya alfajiri wanapokuwa wanarudi majumbani, watu wanasalimiana mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, na kabla ya saa mbili kila mmoja yuko kwake. Muda wa saa moja na robo wa namna hiyo unatosha kabisa.

Asiyeweza asubuhi, angoje hadi jua limeshuka sana, saa 12 jioni hivi, ajue kwamba lami bado ina moto na apite njia ya vumbi yenye miti. Mimi siipendi sana jioni. Giza linaingia upesi, bodaboda nyingine hazina taa, na mzee akijikwaa shimoni faida yote ya mwendo imepotea. Kwa wale waliolazimika kuwa nje katikati ya siku, kiko kipimo kisichohitaji saa wala kipimajoto: kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, tafuta mti. Mwezi wa Oktoba kivuli chetu huwa kifupi kuliko sisi tangu kama saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na kwa ajili ya joto mimi huongeza saa mbili mbele.

Watu wa nchi hii waliyajua haya kwa miguu yao. Karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani, mzigo wa karibu kilo 30 kwa mtu, safari ya miezi. Misafara iliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Alasiri ilikuwa ya kupika, kutengeneza vibanda na kupumzika. Hao walikuwa watembeaji wa kazi, vijana, wenye nguvu kutuzidi sote, na bado hawakushindana na jua la mchana. Mzee wetu wa reli anasimulia vivyo hivyo kuhusu magenge ya kutengeneza njia alipokuwa kazini: kazi nzito ya vyuma na mataruma waliianza mapema iwezekanavyo, kwa kuwa ikifika saa tano chuma hakishikiki kwa mkono mtupu.

Sasa mwendo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za kukaza misuli. Wenye miaka 65 na kuendelea wanaongezewa mazoezi ya kujiimarisha wasianguke, angalau siku tatu kwa wiki. Jambo zuri la mwongozo huo ni kwamba umeondoa ile dhana ya zamani kuwa mazoezi chini ya dakika kumi hayahesabiki. Kila mwendo unahesabika. Kuzunguka uani mara chache kabla ya chai kunahesabika, kufagia kunahesabika, kuchota maji kunahesabika. Mama wa Tabora anayebeba ndoo hahitaji kuambiwa kwamba hana mazoezi. Anahitaji mtu wa kumwambia abebe asubuhi.

Ya wastani tunaipima kwa mdomo. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko pazuri. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Msimu wa jua tunaishusha hata hiyo: tunatembea mwendo ambao shangazi yangu anaweza kusimulia habari ya msiba aliotoka bila kukatisha. Huo ndio mwendo wa kikundi. Vijana wanaotaka kukimbia wanatangulia na kurudi kutufuata. Sikubaliani hata kidogo na vikundi vinavyowaburuta walio nyuma kwa makofi na maneno ya kutia moyo. Mtu anayepungukiwa nguvu kwenye joto anahitaji kusimama, na makofi yanamtia haya asiseme.

Ipo sababu ya kitabibu ya upole huo. Joto linapozidi, moyo unapewa kazi mbili kwa pamoja: kupeleka damu kwenye misuli inayotembea, na kupeleka damu nyingine kwenye ngozi ikapoe. Moyo wa kijana unamudu. Moyo wa mwenye presha ya miaka mingi unahema. Juu ya hapo, kwa mzee kiu yenyewe inapungua na jasho linachelewa kutoka. Mwili wake unahitaji maji na haumwambii.

Anayeanza, au aliyerudi baada ya kuugua, au mgeni aliyetoka nyanda za baridi kama Njombe, asiingie na mwendo wa wenzake. Mwili huzoea joto polepole, kati ya wiki moja na mbili za kutoka kidogo kidogo kila siku: damu inaongezeka maji, jasho linaanza mapema na kwa wingi zaidi, na chumvi inayopotea kwenye jasho inapungua. Ni ajabu ya uumbaji ambayo huwa nashukuru kila nikiifikiria. Lakini uzoefu huo ukiuacha wiki chache unaondoka, na lazima uanze upya. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutowaweka wazee ndani Septemba nzima kisha kuwatuma shambani Novemba mvua zikinyesha. Jembe la kwanza la msimu huwakuta hawajazoea chochote.

Kukaza misuli hakuhitaji kwenda popote. Tunafanya uani, kivulini, baada ya kurudi. Kukaa kwenye kiti na kusimama bila kushika, mara nane au kumi, polepole wakati wa kushuka. Zoezi hilo moja lina thamani kuliko mengi yanayoonyeshwa kwenye simu, kwa sababu ndilo linalomwezesha mtu kuinuka chooni mwenyewe. Kusukuma ukuta kwa mikono miwili. Kuinua visigino huku umeshika fremu ya mlango. Kusimama kwa mguu mmoja, mtu mwingine akiwa karibu. Tunapumua, hatubani pumzi, maana kubana pumzi kunapandisha presha. Siku ambazo moshi wa moto wa nyika umetanda mjini, na Septemba na Oktoba siku hizo zipo, tunaacha kutembea na kufanya hayo peke yake, ndani, madirisha ya upande wa moshi yakiwa yamefungwa. Wenye pumu wasijaribu kabisa kuuzoea moshi.

Nguo ziwe za pamba, pana, rangi ya mwanga. Kanga iliyochovywa maji ikawekwa shingoni ni kinga bora mno katika hewa yetu kavu, kwa sababu inafanya kazi ya jasho bila kugharimu maji ya mwili. Kofia iwe pana hadi masikio yafunikwe. Huku juu tulipo mionzi ya jua inachoma ngozi zaidi kuliko pwani hata asubuhi inapokuwa na ubaridi, na kwa kijana wetu mwenye ualbino hili ni suala la uhai, kwa kuwa saratani ya ngozi huwaua wenzake wakiwa bado vijana. Yeye huvaa mikono mirefu na kupaka losheni ya kukinga jua, na Tanzania ina bahati ya kutengeneza losheni hiyo kwa ajili yao kule Moshi, kwenye hospitali ya KCMC. Anarudi nyumbani kabla yetu sote. Hatumbembelezi abaki.

Kuhusu maji, watu wanauliza glasi ngapi, nami huwajibu kwa mkojo. Ukiwa wa njano hafifu, uko salama. Ukiwa wa rangi nzito kama chai kavu, au umepita muda mrefu bila haja ndogo, kunywa kabla ya kufikiria kutembea. Tunakunywa glasi moja kabla ya kutoka, tunabeba chupa, tunapiga mafunda kila tunaposimama, na tunakunywa tena tukirudi. Maji ya mtungi yanatosha, yakiwa yamechemshwa au kutiwa dawa. Kwa mwendo mpole wa saa moja mtu aliyekula vizuri hahitaji chumvi ya ziada. Ugali na mboga vitairudisha. Juisi ya ukwaju au ubuyu isiyojazwa sukari ni nzuri. Soda si maji. Wanzuki na pombe nyingine zinamfanya mtu akojoe zaidi na kumpunguzia akili ya kutambua kwamba anaumwa, kwa hiyo aliyekunywa usiku asije asubuhi.

Kunywa kupita kiasi nako kuna madhara: maji mengi mno kwa muda mfupi huizimua chumvi ya damu, mtu anaumwa kichwa, anatapika, anachanganyikiwa. Wenye moyo uliochoka au figo wamewekewa kipimo cha maji na daktari, nao wafuate kipimo hicho, si changu. Aliyetoka jasho jingi kwa kazi nzito, au anayeharisha, ndiye wa kunywa ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Mwenye presha asiifanye kinywaji cha kila siku.

Dawa ndizo zinazosahaulika. Dawa za presha zinazopunguza maji mwilini, zile za kumpeleka mtu haja ndogo kila mara, zinamwanzisha msimu wa joto akiwa tayari amepungukiwa. Zinazotuliza moyo, kama atenolol na propranolol, zinauzuia moyo kuongeza kasi pale mwili unapotaka damu ngozini. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili hupunguza jasho lenyewe. Hakuna hata moja ya kuacha kwa uamuzi wako. Presha isiyotibiwa inaua kuliko jua. Kinachotakiwa ni kwenda kliniki Agosti, kabla joto halijafika, na kusema wazi: natumia hizi, natembea saa hizi, je, nibadilishe chochote? Shangazi aliuliza swali hilo, akapangiwa upya saa ya kidonge chake kimoja. Tangu hapo kizunguzungu cha asubuhi kimempungua sana.

Wenye kisukari wana yao. Joto na mwendo huifanya insulini ifanye kazi haraka, kwa hiyo wasichome paja wanalokwenda kutembelea, wabebe pipi au sukari mfukoni, na wawe na mtu anayejua kwamba wana kisukari. Chupa ya insulini isiachwe dirishani wala kwenye mkoba juani. Asiye na friji aiweke kwenye kifuko kisichopitisha maji ndani ya chungu chenye ubaridi, mahali penye kivuli na upepo. Viatu viwe vya kufunika, si kandambili, maana mguu uliopoteza hisia unaweza kuungua kwenye lami bila mwenyewe kujua. Mama zetu wawili hukagua nyayo zao wakirudi, mmoja akimtazamia mwenzake.

Sasa dalili. Zipo za hatua mbili, na kila aliye kwenye kikundi chetu anazijua kwa moyo.

Ya kwanza ni mtu kuzidiwa: kichwa kinamuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli ya miguu inakaza, mapigo yanakwenda mbio, jasho jingi, ngozi inapauka. Akili yake bado ni timamu, anakujibu. Huyo apelekwe kivulini, alazwe, miguu iinuliwe, nguo zilegezwe, apanguswe kwa maji na kupepewa, anywe kidogo kidogo. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, hospitali.

Ya pili wataalamu wanaiita kiharusi cha joto, na hapo joto la ndani ya mwili limefika nyuzi 40 au kuzidi. Alama yake kubwa ni akili: anaongea yasiyoeleweka, anakuwa mkali bila sababu, anayumba, anapata degedege, anapoteza fahamu. Ngozi yaweza kuwa kavu na ya moto, lakini yaweza pia kuwa na jasho, kwa hiyo jasho lisikupotoshe. Huyu anakufa kwa dakika, si kwa saa. Mwagieni maji mwili mzima papo hapo, mengi, ya ndoo, ya dumu, ya popote, mpepee kwa nguvu, wekeni vitambaa baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena, huku mwingine akitafuta usafiri. Maji yaendelee hata ndani ya bajaji. Msimnyweshe chochote kama hajitambui. Na msimpe panado mkidhani itashusha joto. Panado hushusha homa inayotokana na ugonjwa, hili la jua haligusi.

Hapo kwenye homa pana jambo la kwetu kabisa. Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na kichwa, mwili kuchemka na kichefuchefu ni dalili za malaria vilevile. Nimesikia mtu akisema "ni jua tu" na kulala siku mbili na malaria yake. Pia nimesikia "ni malaria tu" mtu akiwa anaungua na joto. Ukipoa kivulini na kunywa maji na bado mwili una moto, nenda ukapime siku hiyohiyo. Na aliyeamka na homa ya aina yoyote, hata ndogo, hatembei na sisi. Mwili wenye homa tayari umebeba joto la ziada. Kwa wanaovuna tumbaku baadaye kwenye msimu wa mvua, niongeze: majani mabichi yenye umande hupitisha nikotini kwenye ngozi, na kizunguzungu na kutapika kunakotokana nayo hufanana mno na kuzidiwa na jua. Mikono mirefu na glavu, na kuoga ukitoka shambani.

Mvua zikianza Novemba watu hushusha pumzi, na kweli kipimajoto kinashuka. Lakini hewa imepata unyevu, na jasho ambalo Oktoba lilikuwa linakauka sasa linadondoka. Siku ya mawingu ya nyuzi 28 yenye mvuke unaotoka kwenye ardhi iliyolowa inaweza kumchosha mzee kuliko siku kavu ya nyuzi 31. Wiki hizo za kwanza tunafupisha njia, na kitambaa cha maji cha shingoni hakisaidii kama mwanzo. Upepo na kivuli ndivyo vya kutafuta.

Wanaonihangaisha zaidi ni wale ambao hawaji kutembea: wazee wanaoishi peke yao, vyumba vya kupanga, watoto wako Dar au Mwanza. Hao tumewagawana. Kila mmoja wetu ana nyumba yake ya kupita alasiri, kati ya saa nane na saa kumi, wakati bati limeshika moto. Unapiga hodi, unaingia, unaamkia shikamoo, unafungua dirisha la upande wa kivuli, unamtoa chini ya mwembe kama upo. Unatazama kama ndoo ina maji na kama amekula. Unamfanya asimame na kukaa mara chache ukiwa umemshika mkono. Na unaongea naye, kwa sababu mazungumzo ndiyo kipimo: muulize alikula nini jana, muulize wajukuu wanaendeleaje. Akijibu sawasawa, mwachie maji karibu na uende zako. Akikupa majibu yasiyopangika, usimwache alale ukidhani amechoka. Mwagie maji, ita watu.